Miaka 14 ya Kuvuta Viti

Kwetu Mombasa ukisema unakwenda hoteli, hakuna anayefikiria kitanda wala lifti. Watu wanafikiria chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi, benchi refu, na mwenye hoteli anayekuita kwa jina la baba yako. Ile nyingine, yenye bustani na askari wa getini, tuliiita "hoteli kubwa", na tuliitaja kama tulivyotaja meli: kitu kinachopita mbele ya macho yako kimejaa watu wengine. Mimi meli hiyo niliiingia kwa mlango wa jikoni. Nikafanya kazi humo miaka 14, na katika miaka yote hiyo sikukaa kwenye kiti chake hata kimoja.

Babu mzaa baba alinitangulia. Alikuwa boi wa hoteli enzi za Mwingereza. Neno lilikuwa hilo hilo, boi, hata mtu akiwa na wajukuu. Picha yake iliyobaki nyumbani inamwonyesha amevaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani, maana ndivyo mahoteli ya zama zile yalivyowavalisha wahudumu, Mombasa mpaka Nairobi. Ukiitazama haraka utadhani ni mzee wa Kiswahili siku ya Idi. Nyanya alikuwa akitusimulia kwamba babu alikuwa na kanzu za aina mbili, na ya kazini haikuingia msikitini hata siku moja, hata ikiwa imetoka kufuliwa na adhana ya Ijumaa imemkuta njiani. Alipita nyumbani kwanza akabadilisha, hotuba ikampita. Nikiwa mdogo nilidhani ni kwa ajili ya madoa ya mvinyo. Baada ya kuvaa sare mwenyewe nikaona jambo jingine. Vazi lako la heshima, ukivalishwa na mtu ili umbebee sahani, haliwi tena vazi lile, hata kama fundi aliyelishona ni mmoja.

Sare yangu mimi ilikuwa suruali nyeusi, shati jeupe, kizibao na tai ya kipepeo. Kazi niliisomea Kenya Utalii College, chuo cha pale Thika Road, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kisha nikaajiriwa katika hoteli ya zamani ambayo sitaitaja, kwa sababu mengi nitakayoyasema ni makosa yangu na machache ni yake.

Kepteni wetu, yaani mkuu wa weita, alikuwa mzee wa Machakos, mtu wa maneno ya kuhesabu. Somo lake la kwanza halikuhusu chakula. Alitupanga ukutani, vijana sita, akatuambia tuzitazame meza kumi kwa dakika tano, kisha tugeuke. Halafu akaanza kuuliza. Meza ya nne, nani anatumia mkono wa kushoto? Meza ya saba, yule mama aliyesukuma sahani, ameshiba au hakukipenda? Meza ya pili, wale wawili wamenuniana au wamechoka na safari? Tulipata mawili matatu, tukadhani tumefanya vizuri. Akasema, "Mgeni akiinua mkono kukuita, umeshachelewa."

Kila zamu ilipokwisha tuliandika daftari. Chumba fulani anataka yai lililoiva mpaka ndani. Chumba fulani hasikii vizuri sikio la kulia, msemeshe kwa kushoto. Chumba fulani usimuulize habari ya mkewe. Asubuhi yule wa mkono wa kushoto anashuka kwa kifungua kinywa, anakuta kikombe kimeshahamishiwa upande wake, na anakaa bila kugundua kitu. Watu hudhani anasa ya hoteli za namna hii ni vinara vya dhahabu na zulia linalozamisha kiatu. Zulia lilikuwepo, ndiyo. Lakini mgeni aliyerudi baada ya miaka mitatu alirudi kwa ajili ya daftari, ingawa hakuwahi kujua kwamba lipo. (Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Kwetu siku ya tatu alipewa matunda ya bure chumbani.)

Sasa lile lililonifunza kwa uchungu.

Kila mkahawa una meza ya adhabu. Yetu ilikuwa kando ya mlango wa jikoni, ambapo mlango unapiga huku na huku na unasikia sahani zikigongana na mpishi akimfokea mtu wa saladi. Hakuna anayeitaka. Kazi yako ni kumketisha hapo mtu ambaye hatalalamika.

Mchana mmoja aliingia mzee amevaa koti la zamani lililopigwa pasi vizuri sana. Viatu vilikuwa vimeng'arishwa, lakini visigino vimelala upande. Niliviona visigino kabla ya uso. Nilimpeleka mlangoni mwa jikoni, nikamvutia kiti kwa adabu zote nilizofundishwa. Akauliza, "Na ile ya karibu na bustani, iko na mtu?" Nikamwambia, "Imewekwa, mzee." Haikuwa imewekwa. Ilikaa tupu mpaka saa tisa, na yeye alikuwa akiiona.

Alikula supu na samaki, polepole, kama mtu anayesoma barua. Alipolipa alitoa noti kutoka kwenye bahasha. Nilipomletea chenji akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba alikuwa karani wa Reli, na kwa miaka mingi alipita mbele ya geti letu asubuhi na jioni. Yeye na mkewe walikuwa wakiambiana kuwa siku moja tutaingia. Mkewe alifariki Aprili. Basi amekuja kwa niaba ya wote wawili. "Chakula chenu kizuri," akasema, "ila huo mlango una kelele."

Kepteni alikuwa ameona yote. Jioni akaniita stoo ya vitambaa.

"Ungejua kuwa ni waziri, ungempa bustani?"

"Ndiyo, kepteni."

"Basi sasa umejua si waziri."

Akatoka, akaniacha na vitambaa.

Katika kazi yetu kuna hadithi moja inayosimuliwa kila hoteli: mtu wa nguo mbovu alidharauliwa na weita, kumbe ndiye mwenye hoteli. Na mimi nimewahi kuwasimulia wanagenzi. Niliacha. Hadithi hiyo inafundisha kumwogopa tajiri aliyejificha, haifundishi kitu kuhusu karani wa Reli aliyekuja kama alivyo na hakuwa amejificha popote. Yule mzee hakurudi tena. Meza ya bustani nimewapa watu wengi baada yake, na kila mara nilitazama visigino kwanza, kisha nikajilazimisha kutazama juu. Mazoea hayo sijayamaliza mpaka leo.

Mwaka wa tano nilihamishiwa baa. Mimi ni Mwislamu na sinywi, na nyumbani jambo hilo lilikuwa zito. Nyanya, ambaye bado alikuwa hai, hakuniuliza kama naonja. Aliuliza kama mashati ya kazini nayafua pamoja na nguo nyingine. Nilimwambia hapana, na kuanzia siku ile ikawa kweli.

Utachanganyaje kinywaji usichokionja? Kwa kipimo, kwa rangi na kwa pua. Toti ni toti, haina huruma. Ndimu iliyolala tangu jana ina harufu tofauti na ya leo. Palipokuwa na shaka, mwenzangu wa Kisii alichovya mrija, akaziba juu kwa kidole, akaonja tone, akanikonyeza au akakunja uso. Kinywaji kilichokuwa kikiagizwa zaidi na wageni kilikuwa dawa, ambacho Kenya nzima ya kitalii inakijua: vodka, vipande vya ndimu, sukari, barafu, na asali iliyosokotwa kwenye kijiti. Mnywaji anakoroga mwenyewe mpaka utamu umfae. Kila mgeni aliuliza inatibu nini. Kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake. La kwangu lilikuwa, "Inatibu safari ndefu, bwana." Na Waingereza wazee walibaki na jini na tonic yao, ile ya kwinini, kwinini ile ile chungu ambayo bibi zetu walitukaba pua ili tuimeze tukiwa na malaria.

Mlevi hakatazwi, anacheleweshwa. Barafu imekwisha, inaletwa. Tonic iko stoo, kijana amekwenda kuichukua. Wakati huo unamwekea maji na karanga bila kuulizwa. Mara nyingi hufaulu. Usiku mmoja sikufaulu, mtu akaelewa ninachokifanya, akarusha glasi, na mpaka sasa nyusi yangu ya kushoto ina mstari usioota nywele. Nilijifunza pia usiku huo namna ya kuokota kioo: vipande vikubwa kwanza, mkono ukiwa na kitambaa, halafu ufagio, halafu kipande cha mkate mweupe unakigandamiza sakafuni kinyonye vumbi la kioo ambalo jicho halilioni. Mkate, si kitambaa. Kitambaa kinakwenda kuwakata watu wa dobi.

Kuhusu mshahara sitasema mengi. Bakshishi ziliingia sanduku moja, zikagawiwa Jumamosi. Waosha vyombo walipata sehemu ndogo kuliko wote, na tuliokuwa mbele ya wageni tulikuwa na maneno mazuri ya kueleza kwa nini iwe hivyo. Chakula chetu kilikuwa ugali, sukuma na maharagwe, chini ya ngazi, dakika ishirini. Sahani moja ya kondoo ya ukumbini ilikuwa na bei ya kazi yangu ya siku tatu. Hesabu hiyo niliifanya wiki ya kwanza, nikajikataza kuirudia.

Wageni wa hoteli za kale wana tabia moja: wanamuuliza weita historia. Wanadhani umezaliwa na jengo. Mwanzoni nilijibu uongo wa kupendeza. Baadaye nikaona aibu, nikaanza kusoma siku za mapumziko, kwanza habari za hoteli yetu, kisha za majirani. Hapo ndipo nilipokutana na watu waliovaa kama babu.

The Stanley, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1902 na mama mmoja, Mayence Bent, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa mabati na matope ya kambi ya reli. Watalii wanaijua kwa mkahawa wake wa Thorn Tree, wenye mti wa mgunga katikati, ambako wasafiri walikuwa wakibandika barua ubaoni kwa rafiki anayekuja nyuma kutoka Cairo au Cape Town. Hadithi nzuri, nami niliisimulia sana. Lakini kuna nyingine ambayo wageni hawakuiuliza. Soko la Hisa la Nairobi lilianza mwaka 1954, na halikuwa na jengo. Madalali walikutana pale pale Stanley wakauziana hisa kwa neno la mdomo juu ya kikombe cha kahawa. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kufanya biashara ya hisa mpaka baada ya uhuru wa 1963. Sasa fikiria aliyeleta kahawa. Amesimama nyuma ya kiti, kanzu nyeupe, masikio mazima, akisikia bei ya kila kampuni nchini, na kisheria hana haki ya kununua hata moja.

Bia vilevile. Kampuni ya bia ya Kenya ilianza mwaka 1922, na kwa miaka mingi sheria ya mkoloni ilimzuia Mwafrika kunywa bia ya Kizungu. Kuimimina aliruhusiwa. Babu hakuwa na haja ya sheria hiyo, alikuwa na yake, lakini wenzake wa bara walikuwa nayo shingoni kila jioni.

Na mwaka huo huo wa 1922 kuna Norfolk. Hoteli hiyo ilifunguliwa siku ya Krismasi 1904. Walowezi wenye vyeo vya kiungwana walijaa humo hadi ikapewa jina la utani la House of Lords. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alifikia hapo 1909 alipokuja kuwinda. Mbele yake kuna baraza ya kunywea, ambayo kwa miaka mingi imeitwa kwa jina la Lord Delamere, mlowezi mkubwa wa zama hizo, na hatua chache kutoka hapo ni kituo cha polisi. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika kituoni kudai Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyekamatwa na mkoloni, aachiwe. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawapigia wanaume kelele za kuwaaibisha, akainua nguo yake, watu wakasogea mbele, askari wakafyatua risasi. Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao wakapiga. Serikali ilitaja watu 21 waliokufa, walioshuhudia walitaja zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Niliposoma hayo mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma, sahani ya maharagwe mapajani. Nikawaza trei. Baraza imejaa watu wa mchana, vinywaji mezani. Aliyevileta yuko wapi? Ameliweka trei chini? Katika niliyoyasoma hakuna anayemtaja.

Kwetu baraza ni lile benchi la mawe mbele ya nyumba. Mpita njia anaketi bila kuomba, mwenye nyumba akitoka anamkuta na anamletea kahawa. Ni ajabu Kiswahili kikatumia neno hilo hilo kwa veranda ya Norfolk. Lakini lugha huwa na subira kuliko watu, na barabara inayopita mbele ya hoteli ile leo inaitwa Harry Thuku Road.

Nilipoacha kazi, mama alikuja Nairobi kwa kliniki ya macho. Daktari akammaliza mapema, saa nne hivi, na matatu ya kurudi kwa dada yangu ilikuwa mbali. Nikamwambia twende tukanywe chai. Sikumwambia wapi. Nilijiambia nimechagua Norfolk kwa sababu iko karibu, lakini mtu hapandi mlima ule mdogo na mama wa miaka sabini kwa sababu ya ukaribu.

Getini nikajikuta nainama kidogo, nikitafuta kwa macho mlango wa wafanyakazi. Mama ndiye aliyetangulia, buibui lake na mkoba wa dawa mkononi, akamwamkia askari, "Hujambo mwanangu," akapita. Kijana mhudumu akatuelekeza kwenye meza ya mbele ya baraza, ya mbele kabisa, akamvutia mama kiti. Nilitazama kwa jicho la fundi: akakisogeza kwa goti, taratibu, mpaka kikagusa tu, hakumsukuma. Halafu akanivutia mimi. Nilikuwa nimeshakishika kiti tayari. Tukawa tunakivuta wawili, kila mtu upande wake, mpaka akacheka na mimi nikaachia.

Menyu niliifumba mama asione bei. Akaifungua. "Hii bei ya chai," akasema, "ni ya sufuria au ya kikombe?"

"Mama, leo usiangalie huko."

"Naangalia wapi, basi?"

Chai ilipokuja, buli kando na maziwa kando, mama aliitazama akanong'ona, "Wameshindwa kuichemsha pamoja?" Alinong'ona kwa sauti ya kwetu, ambayo husikika mpaka ng'ambo ya Likoni. Yule kijana alikuwa meza ya tatu. Hakugeuka. Baada ya dakika kama saba akaja na buli jingine, akaliweka mbele ya mama bila maneno mengi, "Hii imechemshwa, mama, na iliki," akaondoa lile la kwanza. Mama akaona ni jambo la kawaida kabisa. Mimi nilitaka kusimama nimpe mkono.

Kukaa kulinishinda. Nilikuwa nimepanga visu na uma vyetu sambamba na ukingo wa meza. Nilikuwa nimehesabu baraza ina meza ngapi zinazongoja kusafishwa, na kwamba yule mwanamume wa kofia alikuwa akitafuta chumvi. Mama alimaliza keki nusu, nusu akaitia kwenye karatasi, akaiweka mkobani, kisha akanitazama namna alivyokuwa akinitazama nikiwa na homa.

"Babu yako," akasema, "alipostaafu alikuwa akila amesimama. Nyanyako alimpigia kelele mwaka mzima."

Hilo sikuwa nimewahi kuambiwa. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini nyuma yangu glasi ikaanguka, ikavunjika, na kabla sijafikiri nilikuwa nimesimama wima, kitambaa cha mezani mkononi.

"Kaa kitako," mama akasema. "Leo si zamu yako."

Nikakaa. Kijana alikuja na ufagio mdogo, akainama, akaanza na vipande vikubwa. Kwenye sahani aliyoibeba kwa mkono wa kushoto kulikuwa na slesi moja ya mkate mweupe.